Mdogo Wangu na Gemu ya Pili

Mwaka 2011 niliandika uhakiki wa gemu ambayo nusu yake sikuwa nimeiona. Sikujua hivyo wakati ule. Nilikuwa nimeicheza kutoka mwanzo hadi mwisho, usiku usiku, maana mchana kulikuwa na mgao wa umeme, na ule ndio mwaka ambao mgao ulitunyoosha kweli kweli. Nikaandika maneno kama 800 kwa ajili ya ukurasa wa vijana wa gazeti moja la Dar es Salaam, nikalipwa hela ya nauli na chipsi, nikajiona nimeshakuwa mhakiki. Gemu yenyewe ni Dragon Age II. Kichwa nilichokipa uhakiki wangu kilikuwa na neno "aibu" ndani yake.

Mdogo wangu aliusoma akiwa amesimama mlangoni, bisibisi mfukoni. Alipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Kaka, kwani wewe ulichagua kuwa nani?"

Nikamwambia mpiganaji wa upanga, kama kawaida yangu.

"Basi hujamwona Carver," akasema. Akalikunja gazeti, akaliweka juu ya friji, akatoka.

Nilicheka. Imenichukua miaka 13 kuelewa alichokuwa ananiambia, na ndiyo sababu ya makala hii. Naomba msomaji usiyecheza gemu usiondoke. Nitaeleza kila kitu, na mwisho wa siku hoja yenyewe inahusu usomaji.

Tuanze na ya kwanza. Dragon Age: Origins ilitoka Novemba 2009. Watengenezaji wake ni BioWare wa Edmonton, Kanada, na walikuwa wameitangaza tangu mwaka 2004, kwa hiyo watu waliingoja miaka mitano na ushee. Ni gemu ya kuvaa uhusika: unaunda mtu, unampa jina na sura, kisha unaingia naye kwenye hadithi na kuamua aseme nini na atende nini. Hadithi ni ya nchi iitwayo Ferelden. Viumbe waharibifu wanaoitwa darkspawn wanatoka chini ya ardhi wakiongozwa na joka, na wanaoweza kulimaliza balaa hilo ni kikosi kidogo cha Grey Wardens. Unaingizwa kwenye kikosi hicho. Vita ya kwanza, mahali paitwapo Ostagar, mnashindwa vibaya: mfalme anauawa baada ya jemadari wake, Loghain, kuondoa jeshi lake uwanjani. Kuanzia hapo ni wewe na wenzako wachache mnaozunguka nchi kukusanya washirika, hadi siku ya kulikabili joka.

Kwa lugha ya fasihi yetu, ule ni utendi. Kuna shujaa, kuna safari, kuna msaliti, kuna vita kuu mwishoni. Na ni utendi mzuri, sitaki kujifanya vingine leo kwa sababu nimekua.

Tuliicheza mwaka 2010, nyumbani Temeke, nikiwa likizo ya chuo. Kompyuta aliiunganisha mdogo wangu. Alikuwa amemaliza shule na matokeo hayakumpeleka popote, akawa anashinda kwenye kibanda cha fundi mmoja Kariakoo, akilipwa mara kwa pesa na mara kwa vipuri. Alileta kipande kimoja kimoja, leo ubao, kesho feni, hadi siku moja ile mashine ikawaka. Gemu nayo aliileta yeye, kwenye DVD ya kuchoma. Mimi nilichangia kiti.

Origins inakupa njia sita za kuanza. Mimi nilichagua kuwa mtoto wa ukoo mkubwa, mwenye ngome na mbwa wa kivita. Yeye alichagua kuwa mtu wa Orzammar, ule mji wa watu wafupi walioko chini ya ardhi, tena katika kundi lisilo na tabaka, wale wanaochorwa usoni ili kila mtu ajue kwamba hawahesabiwi. Hadithi kuu ilikuwa ileile, lakini tulipofika Orzammar, kila mtu kwa zamu yake, mimi walinipokea kama mgeni wa heshima. Yeye, pamoja na cheo chake kipya cha Grey Warden, walimkumbusha alikotoka. Nakumbuka alisimamisha gemu, akaniangalia, akasema, "Umeona? Hata nikiokoa dunia." Nikamwambia apeleke mambo, ni zamu yangu inakaribia.

Naieleza hiyo kwa sababu inaniondolea kisingizio. Nilijua tangu 2010 kwamba watu wawili wanaocheza gemu moja ya namna hii wanaweza kuwa wamesoma vitabu viwili tofauti.

Dragon Age II ikatoka Machi 2011, miezi 16 tu baada ya ile ya kwanza. Hiyo miezi 16 ilionekana. Kirkwall, mji ambao karibu hadithi yote inatokea ndani yake, una mitaa unayoirudia mpaka unaichoka. Mapango ndiyo kichekesho: pango ni lilelile, wamefunga mlango huu na kufungua ule, na ramani pembeni bado inakuonyesha vyumba ambavyo safari hii huruhusiwi kuingia. Maadui wanakuja mafungu kwa mafungu, wengine wanadondoka kutoka juu kama maembe. Huchagui tena njia sita za kuanza. Wewe ni binadamu, jina la ukoo ni Hawke, basi. Na mwishoni kuna uamuzi mkubwa wa kuwa upande wa watu wa uchawi au upande wa Templar wanaowalinda na kuwafungia, lakini ukichagua upande wowote unaishia kupigana na viongozi wa pande zote mbili.

Yote hayo niliyaandika, na yote ni kweli. Wahakiki wengine nao waliona kitu kama hicho, ingawa kwa upole zaidi: kwa toleo la kompyuta, wastani wa Metacritic ulikuwa 91 kwa ya kwanza na 82 kwa ya pili. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote. Ya kwanza niliipa 9, ya pili nikaipa 4.

Tatizo lilikuwa namna nilivyofika kwenye hiyo 4. Nilichukua karatasi, nikachora mstari katikati. Kushoto nikaandika vitu ilivyokuwa navyo ya kwanza: dunia pana, mianzo sita, joka, jeshi, mwisho unaotegemea maamuzi yako. Kulia nikawa natafuta vitu hivyohivyo kwenye ya pili, nisipokiona naweka alama ya kukosa. Ni kama kwenda sokoni na orodha ya jana. Sikujiuliza hata mara moja kama kuna kitu kwenye ya pili ambacho kushoto hakikuwa na mstari wake.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaujua ugonjwa huu. Tuliwahi kumfanyia Kezilahabi. Waliompenda kwa Rosa Mistika ya mwaka 1971 walipopewa Nagona mwaka 1990, wengi walilalamika kwamba hawamwoni Kezilahabi wao. Walikuwa sahihi, hakuwemo. Lakini kutokuwemo kwa Kezilahabi wa zamani hakukueleza lolote kuhusu kilichokuwemo.

Mwishoni mwa 2024 ikatoka gemu ya nne ya mfululizo huu, Dragon Age: The Veilguard, na mabishano ya zamani yakafufuka: hii si kama ile, ile ndiyo ilikuwa gemu. Mhariri mmoja akaniomba niandike chochote kuhusu gemu za mwendelezo. Nikasema kabla sijaandika, ngoja nirudie ile niliyoitukana. Na kwa sababu ya yale maneno ya mlangoni, safari hii sikuchagua upanga. Nilichagua kuwa mtu wa uchawi. Nasita kusema "mchawi", maana kwa masikio yetu tayari nimeshamhukumu, ingawa kusema kweli watu wa Kirkwall wanamwangalia vilevile.

Sasa, hiki ndicho nilichokuwa sijakiona. Familia ya Hawke ni mama, Leandra, na wadogo wawili mapacha, Bethany na Carver. Mwanzo wa gemu wanakimbia kijiji chao, na njiani zimwi linaua mmoja wa mapacha. Ni nani anakufa? Inategemea umechagua kuwa nani. Ukiwa mpiganaji wa upanga au wa mishale na visu, anakufa Carver, unabaki na Bethany, binti mpole anayekupenda. Ukiwa mtu wa uchawi, anakufa Bethany, unabaki na Carver.

Mwaka 2011 Carver alikufa mbele yangu dakika chache tu baada ya gemu kuanza. Sikumkumbuka hata jina. Nikaendelea na dada mpole hadi nilipomaliza, nikachukua kalamu, nikaandika kwamba wahusika wa ndani ya familia "hawana msuguano".

Carver ni msuguano mtupu. Kila kitu kinamuudhi. Maisha yake yote nyumba ilizunguka siri ya kaka yake: familia ihame, familia inyamaze, familia isijulikane, kwa sababu mkubwa ana uchawi na Templar wasije wakamchukua. Yeye hana uchawi, ana upanga na hasira. Anaomba kuingia walinzi wa mji, anakataliwa. Popote mnapoenda, watu wanamsalimia Hawke kwanza. Na analisema hilo, tena analisema kila siku, hadi unatamani anyamaze.

Na kuna hili, ambalo liliniacha nimekaa na kipadi mkononi bila kubonyeza kitu. Carver alikuwa askari kule Ostagar. Ile vita ya gemu ya kwanza, ambapo mimi nilikuwa shujaa mpya, mmoja wa wale askari wasio na majina waliokuwa wanakimbia nyuma yangu angeweza kuwa yeye. Kijiji wanachokimbia nacho ni Lothering. Ukicheza Origins unapita Lothering mapema. Pamejaa wakimbizi, unawasaidia wawili watatu, unaondoka. Ukishamaliza jukumu kubwa la kwanza mahali pengine, unapata habari kwamba Lothering imeteketezwa, na kwenye ramani huwezi kurudi tena. Mwaka 2010 nilipoona hivyo nilichowaza ni kwamba kuna duka nililisahau pale.

Gemu ya pili inawafuata wale wa Lothering. Ndiyo kazi yake. Inauliza: walipotoka pale ulipowaacha, shujaa, walienda wapi, walilala kwa nani, walikula nini? Jibu ni kwamba walipanda meli hadi mji wa kigeni, wakakuta nyumba ya ukoo mjomba ameipoteza kwa kamari na madeni, wakajibana kwenye kibanda cha mjomba huyohuyo, na ndugu wawili wakafanya kazi mwaka mzima kwa wahalifu ili kulipia ruhusa ya kuingia mjini. Kisha hadithi inaruka miaka 3, halafu miaka 3 mingine, na mji ni uleule. Nililalamika kwamba haina safari. Kumbe ni hadithi ya watu waliofika, na mtu aliyefika hasafiri tena, anatafuta kodi. Ule haukuwa utendi ulioshindwa. Ilikuwa riwaya.

Inasimuliwa kama riwaya pia. Msimulizi ni Varric, rafiki wa Hawke, anayehojiwa na mwanamke mkali aitwaye Cassandra miaka baadaye. Anaanza kwa kumpamba Hawke hadi anapitiliza, unapigana kwa nguvu za ajabu, kisha Cassandra anamkatisha: huo ni uongo, sema ilivyokuwa. Hapo hadithi inaanza upya, shujaa akiwa mdogo kuliko alivyopambwa. Nadhani pale watengenezaji walikuwa wanatuambia sisi tuliotoka kwenye Origins namna ya kuisoma gemu yao. Mimi nilidhani ni mbwembwe.

Tofauti iliyonigusa zaidi iko kwenye kitu kidogo, namna ya kupima urafiki. Katika Origins kila mwenzako ana kipimo cha jinsi anavyokukubali. Kikishuka sana anaweza kukuacha. Kikiwa chini, dawa ipo: zawadi. Morrigan anapenda mapambo, Alistair anapenda vinyago na vijiwe vya nakshi, Sten, yule mkimya mwenye sura ya jiwe, anapenda picha za kuchora. Umemuudhi mtu? Mpe kitu chake, mshale unapanda. Nilikuwa hodari sana wa mchezo huo.

Dragon Age II imebadilisha kipimo. Mshale unaweza kwenda upande wa urafiki au upande wa upinzani, na upinzani haumaanishi uadui. Mtu anaweza kupingana na wewe katika kila jambo hadi mwisho kabisa wa kipimo na bado akawa wako, tena kwa uhakika kuliko aliye katikati, asiyejali. Kinachowavunja watu kwenye gemu ile ni kukaa pale katikati.

Carver wangu alienda upande wa upinzani haraka sana. Sehemu ya sababu ni namna nilivyokuwa namjibu. Kwenye mazungumzo unachagua kati ya upole, utani na ukali, na ukizoea mmoja, Hawke anaanza kuutumia mwenyewe, hata pale ambapo hukuchagua. Nilizoea utani. Carver akisema jambo linalomuuma, mimi mzaha. Baada ya muda sikuhitaji kubonyeza. Mhusika wangu alikuwa ameshakuwa mtu wa namna hiyo, na nilikuwa namjua vizuri mno.

Kuna wakati Hawke anapata nafasi ya kutajirika: msafara wa kwenda kwenye njia za kale chini ya ardhi, Deep Roads. Carver anataka kwenda. Mama anamvuta Hawke pembeni na kumsihi: muache mdogo wako nyumbani, nimeshapoteza mmoja.

Mwaka 2013 mdogo wangu alipata kazi Maskati, ya ufundi wa viyoyozi. Mama aliniita jikoni. "Baba," aliniambia, maana mimi nina jina la baba yake, "wewe ndiye mkubwa. Kaongee naye abaki. Wewe anakusikiliza." Nikaenda chumbani, nikamkuta anafungua ile kompyuta aitoe vipande vya kuuza. Nikamwambia, "Kwa hiyo unaenda kupooza jangwa?" Huo ndio ulikuwa mchango wangu. Hakucheka. Akaniuliza kama nataka kununua kadi ya picha kabla hajaiuza. Siku aliyosafiri nilikuwa na mkutano wa waandishi wa habari, sikwenda uwanja wa ndege. Baadaye nilipopata ajira ya kudumu nilimtumia simu nzuri kwa mtu aliyekuwa anaenda huko, nikaona mshale umepanda, tumemalizana.

Kwenye gemu, ukimwacha Carver nyumbani, anaenda kujiunga na Templar, wale wale wanaowawinda watu kama kaka yake. Ukienda naye ukiwa pia na Anders, mganga aliyewahi kuwa Grey Warden, Carver anaambukizwa sumu ya darkspawn na njia pekee ya kumwokoa ni kumtoa awe Grey Warden. Anapona, lakini anaondoka nawe hurudi naye nyumbani. Ukienda naye bila Anders, anakufa kule kule. Hakuna njia ambayo mdogo wako anabaki kwenu. Halafu miaka inaruka, na mama mwenyewe anauawa, na unaweza kukimbia mji mzima unavyotaka, hutamuwahi.

Linganisha na Redcliffe kwenye gemu ya kwanza. Mtoto, Connor, ameingiwa na pepo. Unaweza kumuua mtoto, au mama yake ajitoe kafara kwa uchawi wa damu. Uamuzi mgumu kweli. Lakini kama watu wa mnara wa uchawi ni washirika wako, unaweza kwenda kuomba msaada wao, ukarudi na kumwokoa mtoto na mama yake, na muda wote uliokuwa njiani hakuna baya lililotokea. Mwaka 2011 niliusifu uamuzi ule kama kilele cha uandishi wa gemu, na nikasema ya pili "inamnyima mchezaji uwezo". Leo nafikiri Redcliffe ni ya ujana: kila balaa lina mlango wa tatu ukiwa mwerevu. Ya pili imeandikwa na watu wanaojua kwamba kuna milango haipo, na unachobaki nacho ni ulimuagaje mtu.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kufanya kosa lile lile kwa kugeuza karatasi upande wa pili. Yale mapango hayana maana yoyote iliyofichika. Ni haraka, basi. Nimewahi kusoma watetezi wanaosema mji kujirudia ni sitiari ya kunaswa. Mji, labda. Pango, hapana. Sura ya mwisho imebanwa, na kiongozi wa watu wa uchawi anageuka dubwana hata ukiwa umemuunga mkono, jambo ambalo halikuandaliwa vizuri. Ukiniuliza ipi imetengenezwa vizuri zaidi, bado nitasema Origins, bila kusita. Ila ile 4 naifuta. Ilikuwa alama ya kitu ambacho gemu haikujaribu kuwa, iliyotolewa na mtu ambaye hakuuliza inajaribu kuwa nini, na aliyekuwa na mtu mlangoni wa kumwambia.

Usiku niliomaliza nilimtumia mdogo wangu ujumbe kwenye WhatsApp. Huwa tunaandikiana salamu za sikukuu, mambo ya dawa za mama na mpira. Nikaandika: "Nimemwona Carver." Maskati ni saa moja mbele yetu, huko ilikuwa inakaribia saa tisa usiku. Nikaona amesoma. Kimya. Kisha ikaja sauti.

"Wako alienda wapi?"

Nikamwambia kwa Templar, nilimwacha nyumbani kama mama alivyosema. Na kwamba mwishoni kabisa, Templar walipoamriwa wamuue Hawke, alivuka akaja kusimama upande wangu, bado amenuna.

Sauti ya pili ilikuwa ndefu. Alisema wa kwake alikufa kule chini. Mara ya kwanza alipocheza alimchukua Carver na hakumchukua Anders, hakujua. Alisema pia jambo ambalo sikuwahi kulijua: kwenye gemu ile unampa Hawke jina la kwanza, na yeye alikuwa amempa jina langu. "Nilitaka nijue unaonaje ukiwa wewe," alisema. "Kuwa na mtu nyuma yako anayelalamika tu. Nikaona kumbe na kaka naye amechoka, hajui afanye nini na huyu mtu. Ndiyo maana niliipenda. Halafu nikasoma gazeti."

Nimeisikiliza ile sauti mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri hapa. Miaka yote nilidhani alitaka nimwone Carver ili nimwone yeye. Naam, lakini kumbe yeye alikuwa ameshatumia gemu hiyohiyo kuniona mimi. Ule ndio uhakiki ambao ulipaswa kuchapishwa mwaka 2011, na aliyeweza kuuandika alikuwa anashinda kwenye kibanda Kariakoo.

Nilimwomba msamaha. Kwa uhakiki, kwa uwanja wa ndege, nikajikanyaga kanyaga, sikuutafuta utani. Alijibu asubuhi, nikiwa kwenye daladala, na ilibidi nibane simu sikioni kwa sababu ya makelele ya konda.

"Yameisha hayo, kaka," alisema. "Desemba nakuja likizo. Tafuta mashine nzuri, tuicheze tena, safari hii wewe ndiye uwe unanisubiri zamu." Akanyamaza kidogo, nikasikia mtu anamwita kwa Kiarabu na yeye anajibu. Kisha akarudi. "Ila mapango yale, bwana. Mapango yalikuwa ya ovyo. Hapo uliandika kweli."